Pembe ya Hamsini na Tano

Tik. Tik. Tik.

Ndivyo inavyolia maikromita, kifaa cha kupimia unene, pale kifundo chake cha nyuma kinapozunguka bure, kwa kuwa chuma kimekwisha kushikwa sawasawa. Mara tatu, halafu unaacha. Mzee Alfred alimfundisha hivyo Callixte Hategekimana alipokuwa na miaka kumi na saba, katika karakana ya kiwanda cha kahawa huko Rutshuru, mashariki ya Kongo. Usifuate nguvu ya mkono wako, alimwambia, fuata sauti. Ukizidisha, utakiminya chuma mpaka kiseme unachotaka wewe. Callixte aliisikia sauti hiyo kila siku kwa miaka kumi na tisa. Lakini inayomrudia ni ya mara moja tu, ya Jumanne fulani ya mwaka 2008, na humrudia bila kuitwa: anapopiga mswaki, anaposimama kituoni barabara ya University huku upepo wa baridi ukimchoma masikio, hata kanisani wakati wa sala ya kimya.

Sasa alifanya kazi Fridley, Minnesota, huko Marekani, nyuma ya ghala la matairi, katika jengo refu lisilo na dirisha upande wa mashine. Kazi yake ilikuwa kuondoa makali. Vipande vilitoka kwenye mashine vikiwa na ncha za kukata vidole, vikaletwa kwake katika masanduku ya bluu. Alivipitishia tupa, kisha msasa, kisha kidole, akavipanga katika masanduku ya kijivu. Bluu kushoto, kijivu kulia. Miaka mitano, meza ileile, taa ileile nyeupe iliyofanya saa nne asubuhi ifanane na saa tisa alasiri. Kidole chake kilijua kwamba kisu cha mashine ya tatu kimeanza kuchoka, siku mbili kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakusema. Mkulima angejuaje mambo ya visu vya mashine?

Maana kila mtu alijua kwamba Callixte alikuwa mkulima. Faili yake ya ukimbizi ilisema hivyo.

"Mkulima! Ingia upesi, joto linatoroka!" Ndiyo ilikuwa salamu ya Nahashon Wanjala kila asubuhi ya majira ya baridi. Nahashon alikuwa Mkenya wa Bungoma. Pale karakana, kupima vipande na kuandaa mashine kulikuwa kazi yake. Alitoka Blaine kwa gari, akampitia Callixte kwenye maghorofa ya kupanga, kwa kuwa Callixte hakuwa na gari wala leseni.

"Salimia watu kwanza, ndugu."

"Salamu ni za kiangazi. Mama Gentille hajambo? Leo unavuna sanduku ngapi?"

Callixte alicheka. Alikuwa amejifunza kucheka. Mwaka wao wa kwanza Minnesota, kanisa lilikodi kipande cha ardhi kwa ajili ya bustani ya familia za Wakongo, na kwa heshima ya faili yake wakamchagua yeye kuwa msimamizi. Mahindi yalifika magotini yakakata tamaa. Nyanya zilioza kwenye mashina. Akina mama walisimama kando ya matuta, mikono kiunoni, mpaka mmoja wao, Mama Uwineza, akauliza kwa upole, "Papa Gentille, huko kwenu mlikuwa mnalima nini hasa?" Callixte akasema udongo wa hapa ni mgeni kwake. Mwaka uliofuata wakamchagua mwingine.

Uongo huo haukuanza kama uongo. Ulianza kwenye mstari, upande wa Uganda wa mpaka, mwisho wa 2008, pale wakimbizi walipokuwa wakiandikishwa. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na alipojua kwamba Callixte ni fundi wa chuma, aligeuka mzima mzima kumtazama. "Usilitamke hilo," alimwambia. "Kaka yangu alilitamka. Mpaka leo anaulizwa alitengeneza nini, alimtengenezea nani. Sema unalima. Nani hana shamba?" Alipofika mezani akaulizwa kazi, akasema analima. Akaandikwa. Katika miaka mitano ya kambi ya Nakivale aliulizwa tena mara tano, na maofisa watano tofauti, na mara zote alijibu vilevile, kwa kuwa watu wote walijua kwamba faili inayobadilika ni faili inayorudishwa chini ya rundo. Alijifunza kwa jirani miezi ya kupanda maharage ili aweze kujibu akiulizwa. Na aliulizwa.

Sasa ilikuwa Februari 2019. Mahojiano yake ya uraia yalipangwa tarehe kumi na tisa Machi. Uraia wenyewe ungekuwa karatasi tu, kama nyingine zote alizobeba, isipokuwa kwa jambo moja: raia anaweza kumwombea mama yake. Mama yake, Mukamana, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa bado Nakivale, katika nyumba yenye paa la turubai, akipigiwa simu kupitia kijana wa jirani. Alikuwa amekwisha kuchagua nguo za safari. Kila Jumapili aliuliza kwa sauti ya mzaha, "Wewe, maharage yameota?" Yeye alijua kwamba mwanawe hakuwahi kuwa mkulima.

Kila jioni, baada ya chakula, binti yake Gentille, wa miaka kumi na mitano, alivaa miwani ya mama yake akawa ofisa. Alimhoji kwa Kiingereza upande wa pili wa meza ya jikoni. Bunge lina sehemu ngapi? Nani alikuwa rais wakati wa vita kuu ya kwanza? Je, umewahi kutengeneza silaha, au kumsaidia mtu kutengeneza?

"Hapana," alijibu Callixte.

"Usitazame chini, Papa. Ukitazama chini unaonekana kama umeiba kuku."

"Nani alikuambia habari za kuku?"

"Mama." Kisha, kwa Kiingereza chake cha haraka: "Kabla ya kuja hapa ulifanya kazi gani?"

"Mkulima."

Gentille alishusha miwani hadi ncha ya pua. "Papa, wewe uliua nyanya mia moja."

Bernardine, mkewe, aliyekuwa akiosha sufuria, hakucheka. "Mwulize lingine," alisema.

*

Hadubini ililetwa Jumatano. Aliyeileta alikuwa mwalimu wa biolojia wa Saint Paul, na alikuwa ameifunga katika blanketi la mtoto. Ilikuwa ya marehemu baba yake, daktari wa mifugo. Kampuni iliyoitengeneza haikuwapo tena. Alitaka kitu kidogo tu: kishikio cha kamera ya kuonyesha picha ukutani, ili wanafunzi wote waone pamoja badala ya kupanga mstari. Mkono wa hadubini ulikuwa na kiungo ambapo zamani taa ilichomekwa, na kishikio kingechomekwa papo hapo. Ilikuwa kazi ya kutengeneza mwenzake wa kile kiungo, basi.

"Tafadhali isikwaruzwe," mwalimu alimwambia Arne, mwenye karakana, mzee mrefu mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni. "Nitakuja Ijumaa mchana."

Callixte aliitazama kutoka mezani kwake, hatua sita, tupa mkononi. Kiungo kilikuwa cha shaba, chembamba kwenye shina, kipana juu, kingo zake mbili zikiinama kwa ndani. Mafundi wa hapa hukiita mkia wa njiwa. Alfred, aliyefundishwa na mapadri kwa Kifaransa, alikiita mkia wa mbayuwayu. Mwenzake ni mfereji wenye umbo lilelile kinyume chake, na hivyo viwili havikutani ila kwa kuteleza kutoka pembeni. Vikishakutana, vuta juu, sukuma, tikisa, hakitoki kitu. Hutoka kwa njia ileile tu kiliyoingilia. Alfred aliupenda kuliko viungo vyote. Hauna skrubu, alisema, hauna gundi, umeshikwa na pembe yake mwenyewe.

Nahashon aliupima kwa kalipa, rula yenye taya mbili, ncha hadi ncha, pale juu kwenye upana. Akafungua droo, akatoa kisu cha pembe ya digrii sitini, akakata kipande cha kwanza. Hakikuingia. Akapanua kidogo, akakata cha pili. Kiliingia, lakini kilicheza kama jino la mtoto. Alhamisi jioni, garini, alisahau hata kumwita mwenzake mkulima.

Ijumaa asubuhi alikata cha tatu. Kilifika nusu kikakwama. Arne alikuja, akavitazama vipande vitatu vilivyoharibika, akaionyesha saa ya ukutani kwa kidole, akaondoka. Kwa Arne hilo lilikuwa karipio.

Nahashon akaja kwenye meza ya Callixte. "Baba Gentille, niazime ile tupa yako nyembamba."

"Ya nini?"

"Niikwangue hadubini kidogo, hapa pembeni. Nywele moja tu. Hakuna atakayeona."

Callixte alikuwa ameishika tupa hiyohiyo. Kuitoa kulikuwa jambo la kunyoosha mkono. Nahashon angekwangua, kipande kingeingia, mwalimu angekuja na kuondoka, na tarehe kumi na tisa Machi mkulima angeenda kuhojiwa akiwa mkulima. Mkono haukunyooka.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Hapana kuigusa. Hadubini haina kosa. Kosa ni la kipimo."

Nahashon alicheka, akageuka kutafuta mtu wa kucheka naye, hakumpata. "Wee! Leo mkulima ananifunza kupima!"

"Umepima kwenye ncha. Ncha imekatwa, ndugu. Aliyeitengeneza aliondoa makali, kama mimi hapa kila siku. Pitisha kidole. Ile ncha unayoipima haipo."

Nahashon alipitisha kidole. Kicheko kilimwisha taratibu.

"Na sitini umeitoa wapi?" aliuliza Callixte.

"Zote ni sitini, buda. Kisu kilichoko ni cha sitini."

"Hadubini haijui una kisu gani."

Walitazamana. Halafu Nahashon akafanya jambo ambalo Callixte alimheshimia siku zote baadaye: alirudi nyuma hatua moja, akaonyesha meza ya vipimo kwa kiganja kilichofunguka, kama mtu anayemkaribisha mgeni ndani.

Callixte alinawa mikono kwanza. Aliilaza hadubini juu ya blanketi la mtoto. Akaomba vijiti vya kipimo, vile vya chuma vilivyonyooka na vinavyong'aa kama sindano za kusukia: viwili vya milimita tatu, viwili vya milimita nne. Mambo haya hayapimwi kwenye ncha. Yanapimwa kule ndani kwenye kona, pale ukingo unapokutana na shina, ambako jicho halifiki na kalipa haiingii. Unalaza kijiti kimoja kila upande, kikae kwenye kona kama mtu aliyeegemea ukuta. Unapima kwa juu, kutoka mgongo wa kijiti hadi mgongo wa kijiti. Kisha unatoa hivyo, unalaza vinene zaidi, unapima tena. Kijiti kinene husukumwa nje zaidi na kingo. Kiasi kinachosukumwa ndicho kinachotaja pembe.

Alivibana vijiti vya milimita tatu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Akasogeza maikromita. Akazungusha kifundo.

Tik. Tik. Tik.

Mikono ilisimama.

Jumanne ile Alfred alikuwa amekwenda kumzika shemeji yake, na Callixte alikuwa peke yake karakana. Watu watatu wenye bunduki waliingia, wakaweka mezani kipande kilichofungwa kwenye kitambaa. "Tengeneza mwenzake. Tunarudi Alhamisi." Wakaondoka. Alifunua kitambaa. Alikijua ni cha bunduki. Mtu yeyote wa chuma angekijua. Hakuna aliyemlazimisha kukipima wakati ule, hapakuwa na mtu pale. Alikipima kwa sababu kilikuwa mezani, na mikono yake tangu ujana ilikuwa imezoea kupima kilicho mezani. Aliandika namba saba kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kwa mwandiko safi aliofundishwa. Ndipo akaketi, na hofu ikamfikia. Kabla jua la Jumatano halijatoka alikuwa njiani kwenda mpakani na mkewe, mtoto wa miaka minne na mama yake. Walikuwa wamekwisha kutembea kwa muda wa saa tatu alipokumbuka karatasi. Aliiacha mezani, chini ya kile kipande. Na Alfred alifika kazini kila siku saa moja kamili.

Hakuwahi kujua kama watu wale walimkuta Alfred na karatasi ile. Aliuliza kambini miaka yote, kwa kila aliyetoka upande ule. Mmoja alisema Alfred alionekana Goma. Mwingine alisema si huyo.

"Baba Gentille?" Nahashon alikuwa karibu sana naye. "Uko sawa?"

"Andika," alisema Callixte. "Thelathini na mbili nukta sabini na sita."

Alibadilisha vijiti. Tik tatu. "Thelathini na tano nukta sitini na nane."

Alitoa moja kwenye nyingine kwa penseli, kwenye kifuniko cha boksi: mbili nukta tisini na mbili. Kwa pembe ya sitini ingekuwa mbili nukta sabini na tatu. Namba hiyo alikuwa ameibeba kichwani tangu akiwa na miaka kumi na saba. Alipiga hesabu kurudi nyuma, midomo ikicheza bila sauti kwa Kifaransa. Nahashon, aliyekuwa akimfuata kwa kikokotoo cha simu, alimaliza baada yake.

"Hamsini na tano," alisema Nahashon. "Ni hamsini na tano! Hii kitu imekuwa ikinicheka siku tatu!"

Hawakuwa na kisu cha hamsini na tano. Walikwenda kwenye mashine ya zamani ya mkono iliyofunikwa turubai, wakakiinamisha kichwa chake kwa digrii zinazotakiwa, wakakata upande mmoja, wakageuza, wakakata wa pili. Wakapima mfereji kwa vijiti vilevile, safari hii kwa ndani. Saa sita na robo Callixte alipaka tone la mafuta kwa ncha ya kidole, akakisogeza kipande kwenye kiungo. Kiliingia chote bila sauti. Akakiachia. Kilibaki pale, hakikucheza.

Arne alikitikisa. Akakivuta. Akamtazama Nahashon, na Nahashon, kwa kidole, akamwonyesha Callixte.

"Ulijifunza wapi haya?" Arne aliuliza kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri, na mashine zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya chakula, hivyo wote wanane waliokuwa pale walisikia.

"Kwenye simu," alisema Callixte. "Video."

Arne akacheka mpaka kifaa chake kikapiga mluzi.

Nahashon hakucheka. Jioni, garini, alingoja mpaka waliposimama kwenye taa nyekundu. "Baba Gentille. Hakuna video yenye mikono kama ile."

Callixte akamwambia. Alimwambia yote, hata karatasi ya mfuko wa saruji, na taa ikawa kijani, na wa nyuma akapiga honi, na Nahashon akaendesha polepole kama anayebeba mayai.

"Pole," alisema mwishowe. "Pole sana, ndugu yangu. Mimi na mkulima, mkulima, kila asubuhi."

"Hukujua."

"Basi nyamaza. Imebaki mwezi mmoja. Mimi sitasema. Wewe endelea na bluu na kijani."

"Kijivu."

"Kijivu. Nyamaza tu."

Lakini Jumatatu Arne alimwita ofisini, akampa koti la kijivu la chumba cha vipimo na karatasi yenye kazi mpya. Hakumwuliza kama anataka. Aliona anampa zawadi.

"Ungempa tu ile tupa," alisema Bernardine alipoiona karatasi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi. "Papa Gentille, kwa jina la Mungu. Ungempa tu."

"Angeiharibu."

"Hadubini!" Alisema neno hilo kama anayetema mbegu. "Mama yako analala chini ya turubai, wewe unaihurumia hadubini. Sasa ile karatasi ya uraia inauliza kazi zako, na kazi imebadilika. Watakuuliza imebadilikaje. Umekuwa mkulima zaidi ya miaka kumi. Ungeshindwa kuwa mkulima mwezi mmoja zaidi?"

Alijua kwamba mkewe alikuwa na haki. Huo ndio ulikuwa ugumu. Akisema ukweli, wangeweza kumwuliza kwa nini alidanganya mara sita, na mama angengoja tena, labda kwa miaka ambayo hana. Akidanganya mara ya saba, angedanganya akiwa amevaa koti la chumba cha vipimo. Kila upande aliousukuma ulimrudisha katikati. Alianza kulala vibaya. Katika chumba cha vipimo, ambako sasa alisikia ile sauti mara mia kwa siku, mikono yake ilikuwa na furaha, naye akaionea haya.

Jumapili alimpigia mama yake.

"Maharage yameota?" aliuliza Mukamana.

"Mama, nimepima."

Upande wa pili kulikuwa na jogoo na kelele za watoto.

"Mikono haikutetemeka?"

"Ilisimama kidogo. Halafu ikaendelea."

"Ehe." Akavuta pumzi. "Mke wa Alfred alikuwa anakuja kwangu kuazima chungu. Mpaka leo nina chungu chake, nilikibeba. Mtu hujui unabeba nini." Halafu akasema kijana anataka simu yake.

Hakumwambia afanye nini. Callixte alikuwa ametumaini kwamba angemwambia.

*

Tarehe kumi na tisa Machi theluji ilikuwa inayeyuka, na Nahashon aliomba ruhusa kazini ili ampeleke. Alimfunga tai mwenyewe kwenye maegesho. "Jibu unachoulizwa tu," alimwambia. "Usimwongezee mtu stori." Bernardine alikuwa amempigia pasi shati mara mbili. Gentille alikuwa amemwandikia kwenye kiganja, kwa kalamu, neno moja: JUU. Maana yake asitazame chini.

Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, na boksi la karatasi za pua karibu na kiwiko chake. Chumba kilikuwa kidogo, mlango ulifungwa. Faili ilikuwa kati yao mezani, nene kama matofali mawili, na Callixte alijua kwamba ndani yake, katika karatasi sita, kwa miandiko sita, yuko mtu mmoja anayepanda maharage.

Alijibu maswali ya historia. Aliandika sentensi moja, akasoma nyingine. Ofisa alikuwa mpole na mwenye haraka. Akaanza kupitia fomu, mstari kwa mstari. Anwani ileile? Ileile. Watoto? Mmoja. Umewahi kutengeneza silaha, au kumsaidia mtu kutengeneza?

Kalamu ilingoja. Namba saba zilimpitia kichwani kwa mpangilio wake.

"Sijatengeneza," alisema, akatazama juu.

Ofisa alitia alama. Akapenga kamasi, akaomba radhi. "Na kazi? Bado ni kuondoa makali ya chuma?"

"Hapana. Sasa napima."

"Aha, umepandishwa. Hongera." Alifuta, akaandika juu yake. Kisha, bila kuinua macho, kama mtu anayeuliza hali ya hewa wakati mkono unaandika: "Kupima ulijifunza wapi?"

Callixte alikuwa na majibu matatu tayari. Kwenye simu. Kwa rafiki yangu. Hapahapa Minnesota. Yote yalikuwa mafupi, yote yangepita, na yule ofisa asingeinua macho. Kwenye kiganja chake wino wa Gentille ulikuwa umeanza kuyeyuka kwa jasho. Alimwona mama yake akikunja nguo za safari na kuzikunjua. Alimwona Alfred akifungua mlango wa karakana saa moja kamili, akilitundika koti lake, akigeuka kuelekea mezani.

Ofisa aliinua macho. "Bwana? Ulijifunza wapi?"

"Rutshuru," alisema Callixte, kwa sauti ndogo hata mwanamke yule akalazimika kuinama mbele ili asikie. "Kwa Mzee Alfred. Mimi sikuwa mkulima."